Finjani ya Hajj Mifleh

Kabla wageni hawajashuka garini, Nisrin alikuwa ameshaswali rakaa mbili chumbani kwa mama yake, amevaa gauni jipya la rangi ya zeituni, na dua yake ilikuwa fupi.

"Ya Rabbi, leo usinijulishe kitu. Leo niache niwe mwanamke kama wanawake wengine."

Akapangusa uso kwa viganja, akakunja msala, akaenda jikoni.

Jikoni kulikuwa kumejaa wanawake na harufu ya iliki. Sinia la kunafa, kitamu cha jibini na shira, lilikuwa mezani, limefunikwa, na nyama ya kondoo ilikuwa ikitokota taratibu kwenye mtindi kwa ajili ya chakula cha wageni. Shangazi Khawla, dada wa baba yake, alikuwa amejiwekea kiti karibu na mlango wa sebule ya wanaume. Mlango wenyewe alikuwa ameuacha wazi upana wa kidole, ili masikio yake yasipitwe na neno.

"Toka dirishani, wewe," akamwambia Nisrin. "Bibi harusi hachungulii. Wakikuona watadhani tumekuchoka, tunakutoa bure."

"Nawatazama wanavyopanda ngazi tu, shangazi."

"Huyo Suhayb umemtazama mwaka mzima. Leo mwachie Mungu amtazame."

Wanawake wakacheka. Nisrin hakucheka, kwa sababu hakuwa akimtazama Suhayb. Alikuwa akimtazama Hajj Mifleh.

Hajj Mifleh alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yake Suhayb, na ndiye aliyemlea. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa ujumbe wa posa siku ile, na ndiye huyohuyo aliyeikataa posa hiyo tangu mwanzo. Sasa alikuwa akipanda ngazi za mawe za nyumba yao pale kilimani Ajloun, kilemba chake chekundu na cheupe kimetulia kichwani, joho jeusi mabegani, tasbihi ikining'inia mkononi, wazee wenzake nyuma yake. Alipofika juu alimwamkia baba yake Nisrin, na sauti yake ilisikika hadi jikoni. Hakukuwa na kosa lolote. Lakini ndani ya kifua cha Nisrin kitu kiligonga, kama mtu anayegonga mlango kwa kifundo kimoja cha kidole.

Akaufunga moyo. Si leo, akasema. Nimeomba isiwe leo.

Kugonga huko alikufahamu. Ndiko kulikompa Suhayb, na ndiko kulikotaka kumnyang'anya.

Mama yake Suhayb alikuwa amelazwa katika wodi ya Nisrin, hospitalini Irbid, akiumwa mapafu. Alasiri moja vipimo vyake vyote vilikuwa vizuri kuliko siku zilizotangulia. Nisrin alikuwa akimbadilishia shuka, na yule mama akamshika mkono akamwuliza kama watu wameanza kuchuma zeituni. Hilo tu. Lakini moyo ukagonga. Nisrin akamwita daktari, naye akaja, akampima mgonjwa kwa subira kutoka kichwani hadi miguuni, asione jambo. "Sioni kitu, Sista," alisema, "lakini nisingependa kukupuuza. Tumwangalie kwa karibu." Nisrin akafanya jambo moja zaidi. Alimpigia simu Suhayb, mwana wa mgonjwa.

"Njoo ukae na mama yako," alimwambia.

"Kuna nini? Amezidiwa?"

"Hapana. Njoo tu."

Suhayb alifika akiwa bado na vumbi la kazini viatuni. Alimshika mama yake mkono, wakazungumza habari za shamba na za marehemu baba yake, wakacheka. Jua lilipozama mama akafariki, mkono wake ukiwa katika mkono wa mwanawe.

Matanga yalipokwisha, Suhayb alirudi wodini na swali moja.

"Ulijuaje?"

"Sijui."

"Mimi ni mpima ardhi, dada. Kwenye kazi yetu hakuna mpaka bila alama. Lazima uliona kitu."

"Basi kwangu uandike kwamba mpaka upo na alama haipo."

Alicheka, kisha akaona haya kwa kuwa alikuwa bado kwenye msiba. Macho yao yakakutana, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kuyaondoa. Mapenzi yao yalianzia kwenye swali lile, na Suhayb hakuacha kuliuliza.

Lakini Hajj Mifleh aliposikia habari ile aliisikia vingine. "Msichana anayenusa mauti?" alisema mbele ya ukoo. "Huyo si nesi, ni bundi. Bundi akitua juu ya paa, mwenye akili hamkaribishi ndani. Na tena kazi yenyewe ni ya kuosha wanaume asiowajua!" Suhayb hakubishana na mzee aliyemlea. Alisema tu kwamba hataoa mwingine, akaendelea kumpelekea maziwa na magazeti kila Ijumaa kama kawaida, mpaka mzee akachoka kumwona anakonda. "Haya," alisema mwishowe. "Lakini nitakwenda mwenyewe. Na nitaongoza mwenyewe."

Ndiyo maana siku ile mji mzima ulitaka kujua Hajj Mifleh ameleta moyo gani.

Nisrin alitoa simu mfukoni mwa gauni akaandika: "Baba mkubwa yuko salama?"

Jibu likaja haraka. "Yuko salama. Amekuwa kimya tu njiani. Nawe tulia, mpenzi. Usianze."

Usianze. Akalitazama neno lile. Kweli, alikuwa anaanza nini? Alikwisha kukosea kabla. Kulikuwa na mzee mmoja wa Jerash ambaye Nisrin aliwaita wanawe wote waje haraka, wakaja wakilia, na siku iliyofuata mzee akaondoka kwa miguu yake. Wale vijana walimletea boksi la vitamu vya baklawa. "Asante kwa kutukutanisha, Sista," walisema, na wodi nzima ikacheka. Aibu ya siku ile alikuwa nayo bado. Alipokwenda kulia kwa Sista Wafaa, muuguzi mzee aliyemfundisha kazi, alitegemea kuambiwa aache. Wafaa alimwambia jambo jingine.

"Moyo haukupi jibu, mwanangu. Moyo unagonga mlango tu. Kufungua na kutazama ni kazi ya macho na mikono yako. Anayekosea ni yule anayesikia mlango unagongwa, akaanza kupiga kelele za mwizi kabla hajafungua. Na mwenzake anayekosea ni yule anayejifunika shuka."

Nisrin akageuka kwa mama yake. "Mama, Hajj Mifleh naona amechoka."

"Ngazi zetu hazijawahi kumwacha mtu salama. Panga finjani hizo."

"Labda apelekewe..."

"Nisrin!" Mama yake alishusha sauti, akamshika mashavu kwa mikono yenye unga. "Mwanangu. Huyu mtu amekuita bundi. Leo ukimgusa kwa neno la ugonjwa, hata kwa wema, hutaolewa tena. Umenielewa? Leo wewe si nesi."

"Nimekuelewa, Mama."

Na kwa kweli alielewa zaidi ya hapo. Alijiuliza kama kinachogonga ni ule moyo wa wodini au ni hofu yake tu. Huenda namwogopa, aliwaza. Huenda ningependa awe mgonjwa kuliko awe mkatili. Wazo lile lilimwogopesha, akaomba msamaha kwa Mola wake palepale, mikono yake ikipanga finjani.

Upande wa pili Awni, kaka yake, alikuwa ameanza kuzunguka na dele la kahawa. Kahawa ile ni chungu, haina sukari, humiminwa kidogo kidogo, na mgeni aliyetosheka huitikisa finjani yake mkononi ili asimiminiwe tena. Lakini finjani ya kiongozi wa posa haina kutikiswa. Huwekwa mbele yake imejaa, naye haigusi mpaka ombi lake likubaliwe. Akinywa, mambo yamekwisha, binti ametolewa. Hajj Mifleh alipofikiwa na Awni alionyesha meza kwa kidevu, na finjani ikawekwa mbele yake.

Ilikuwa zamu yake kusema, na Hajj Mifleh alisifika hadi Irbid kwa maneno matamu.

"Bismillahi," alianza. "Namshukuru Mungu... Tumekuja, Baba Awni. Tumekuja... kwa ajili ya..."

Akanyamaza. Wanaume wakangoja. Kimya kikarefuka mpaka mzee mmoja aliyekaa karibu naye akakohoa na kuchukua maneno. "Hajj leo furaha imemziba koo. Tumekuja kumwombea mwanetu Suhayb mkono wa binti yenu Nisrin, kwa sunna ya Mungu na Mtume wake."

"Furaha gani," alinong'ona Shangazi Khawla mlangoni. "Anayameza maneno kama dawa ya minyoo."

Kugonga kukawa kwa ngumi sasa. Nisrin alishika ukingo wa meza.

Sauti ya baba yake ikasikika, nzito, ya mtu aliyeamua kusahau matusi ya zamani. "Karibuni nyumbani kwenu. Binti ni wenu, nasi tumepata mtoto wa kiume. Kunywa kahawa yako, Hajj Mifleh. Mmepewa."

Jikoni wanawake wote waliinua viganja midomoni. Vigelegele vilikuwa tayari, vinangoja mdomo wa mzee uguse finjani.

Hajj Mifleh hakunywa.

"Kunywa kahawa yako, Hajj," alirudia baba.

Kiti kililia. Mtu akanong'ona, mwingine akajibu. Nisrin alimsogeza shangazi yake, akatazama kupitia upenyo. Alimwona Suhayb kwanza, amekaa bega kwa bega na baba yake mkubwa, uso umeiva kwa aibu, macho sakafuni. Halafu akamwona mzee. Kilemba kilikuwa kimeficha nusu ya uso iliyoelekea mlangoni. Alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha.

"Au Hajj ana sharti lingine?" Awni alisema, na sauti yake haikuwa ya kukaribisha wageni. "Kama lipo liseme sasa. Msituchezee."

"Awni, kaa chini," baba alisema. Kisha, polepole: "Hajj Mifleh. Kama ulikuja nyumbani kwangu kunidhalilisha mbele ya majirani zangu, umekwisha kufanikiwa. Hakuna haja ya kuendelea kukaa."

"Ya Rabbi," alisema Nisrin kwa sauti. "Nilikuomba."

Na akafungua mlango.

Shangazi Khawla alimdaka ushungi, ushungi ukamponyoka. Wanaume waligeuka wote. Hakuna aliyewahi kuona bibi harusi akiingia mwenyewe kwenye posa yake. Nisrin alipita katikati yao bila kumtazama yeyote, akapiga magoti kwenye zulia mbele ya yule mzee, kama ambavyo hupiga magoti mbele ya mgonjwa aliyekaa.

"Nisrin!" baba yake alinguruma. "Umerukwa na akili?"

"Samahani, Baba. Nifukuze baadaye."

Macho ya Hajj Mifleh yalishuka yakamkuta. Hayakuwa macho ya ukatili. Yalikuwa macho ya mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba anayeona watu wakipita nje. Na kana kwamba kumwona binti pale kumemkumbusha alichokuja kufanya, mzee alinyoosha mkono kwenye finjani. Mkono wa kushoto.

"Wa kushoto!" mtu alifoka. "Anapokea kwa mkono wa kushoto! Hii ni dharau gani?"

Finjani ilikuwa imeanza kunyanyuka. Nisrin alijua kilichomo ndani yake. Mle mlikuwa na Suhayb, na mji mzima kunyamaza, na jina la bundi kufutika. Kilibaki kiasi cha upana wa kidole ifike mdomoni. Akaweka kiganja chake juu ya finjani, akaishusha mezani.

"Usinywe, Hajj," alisema.

Sebule iliguna kwa pamoja.

"Inua mikono yote miwili. Kama unaomba dua. Hebu, kwa ajili yangu."

Mkono wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukabaki mapajani, kiganja juu, kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Nisrin alisukuma kilemba pembeni kwa kidole. Nusu ile ya uso ilikuwa imeteremka.

"Ni kiharusi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya wodini, haikutetemeka. "Awni, washa gari, tunakwenda Irbid. Mama, piga simu hospitali, waambie mimi nakuja na mgonjwa wa kiharusi. Asipewe kitu chochote kinywani. Wala maji. Wala hiyo kahawa. Itampalia."

Mmoja wa mabinamu wa Suhayb alikuwa amesimama. "Amemgusa finjani tu mtu akapooza! Si alisema mwenyewe baba mkubwa? Bundi! Bundi huyu!"

Suhayb alikuwa bado amekaa, amemkodolea macho mzee wake. "Umejuaje?" alinong'ona. "Nisrin, umejuaje?"

"Si sasa, Suhayb. Mbebe."

Ndipo Suhayb akasimama, akamsukuma binamu yake kwa bega, akamwinua mzee kifuani kama mtoto aliyelala.

*

Hospitalini daktari wa zamu aliuliza jambo moja kabla ya yote: mara ya mwisho mzee huyu alikuwa mzima lini? Nisrin ndiye aliyejibu, kwa sababu alikuwa dirishani. Alipanda ngazi mwenyewe, akaamkia kwa sauti kamili; lakini njiani alikuwa kimya, basi ahesabu tangu walipoondoka kwao. Daktari alihesabu kichwani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaagiza picha ya kichwa na ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. "Mmewahi," alisema. "Kwa shida, lakini mmewahi."

Baadaye Nisrin alisimama kwenye korido na gauni lake la rangi ya zeituni, begani alama ya mate ya mzee. Watu wa upande wa Suhayb walikuwa wamekaa mwisho wa korido, na hakuna aliyemkaribisha. Suhayb alitoka kwao, akaja akaegemea ukuta karibu naye, mbali kidogo, kwa heshima.

"Wanasema posa imevunjika," alisema. "Bibi harusi kaziba finjani mwenyewe."

"Niliiziba."

"Ulijua unachokiziba?"

"Nilijua."

Sauti ya Suhayb ilikuwa imepasuka. "Nilikuwa bega kwa bega naye, Nisrin. Nilisikia pumzi yake. Na unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa namchukia. Nilisema moyoni, amekuja kunimaliza mbele za watu. Mtu aliyeninunulia viatu vyangu vya kwanza vya shule." Alifunika uso. "Hakuna aliyefikiri ni ugonjwa. Wote tulidhani ni kiburi."

"Kwetu finjani isiyonywewa ina maana moja tu. Usijilaumu."

"Lakini wewe hukudhani hivyo. Wewe ndiye uliyetukanwa naye, na wewe ndiye uliyemwona."

Nisrin aliinama. "Usinipambe. Mimi nilisikia mlango unagongwa tangu akiwa kwenye ngazi, nikajifunika shuka. Niliogopa kwamba namtakia mabaya. Nilishindwa kutofautisha moyo na hofu, Suhayb, mpaka nilipopiga magoti nikamtazama. Huko nje huwezi kujua. Lazima upige magoti."

Suhayb alimtazama kwa macho mekundu, na Nisrin akayaona macho yaleyale ya siku ile baada ya matanga, yenye swali lilelile.

"Nimefikiri njiani," akamwambia. "Tasbihi. Mama yako alipolazwa, baba mkubwa alikuwa akikaa pale na tasbihi katika mkono wa kulia, na vidole havikupumzika hata akisinzia. Leo kwenye ngazi tasbihi ilikuwa inaning'inia. Haikuwa ikitembea."

"Basi alama ilikuwepo."

"Ilikuwepo. Sikuwa na jina lake tu."

Suhayb alinyoosha mkono, akakumbuka walipo, akaurudisha. "Nisrin. Mimi sitaki mwanamke kama wanawake wengine. Sijui nani alikuambia nataka."

Nisrin akaufunga upya ushungi wake. Angelijibu angelia, na korido ile ilikuwa yake ya kazi.

*

Hajj Mifleh hakufa. Mguu wake ulianza kurudi, mkono ukakawia, na maneno hayakurudi kabisa. Alielewa kila kitu na hakuweza kusema lolote.

Hapo ndipo posa ilipokwama. Watu wa Suhayb walisema hakuna wa kusema badala ya Hajj wakati Hajj yu hai. Naye baba yake Nisrin, Mzee Atallah, hakuwa mtu wa kubembeleza. "Mimi sina kinyongo," alimwambia Suhayb aliyekuja kumwomba. "Nilimtamkia mgonjwa maneno mabaya, na kila sala namwomba Mungu anisamehe. Lakini finjani ile ilirudi jikoni imejaa. Siwezi kumtoa binti yangu kwa finjani iliyojaa. Watu watasema aliolewa kwa kuhurumiwa."

Siku aliyokwenda kumjulia hali, hata hivyo, alichukua dele la kahawa kutoka nyumbani, limefungwa kwa taulo ili lisipoe, na finjani moja mfukoni. Shangazi Khawla alifuatana naye. Mgonjwa alipoliona dele, macho yake yalijaa maji, akanyoosha mkono wa kushoto.

Nisrin alikuwa ameomba ruhusa kwa wauguzi wa wodi ile. Aliketi kitandani kwa mzee na glasi ya maji na kijiko, akaweka vidole vyake viwili kooni kwake.

"Meza, Hajj."

Mzee akameza. Koo likapanda, likashuka kwa uzito, na kikohozi kikamtoka chenye maji.

"Bado," alisema Nisrin.

"Tone tu," Shangazi Khawla alisihi. "Aguse mdomo tu, tupige kigelegele, tuondoke! Nani atajua?"

"Mapafu yake yatajua, shangazi."

Suhayb alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Mzee Atallah alifunga tena taulo lake. Lakini Hajj Mifleh alimtazama sana yule binti aliyekuwa akimnyima kwa mara ya pili jambo ambalo yeye mwenyewe binti alilihitaji kuliko wote, na kwa mara ya kwanza aliinamisha kichwa mbele yake, kama mtu anayepokea amri ya mkubwa.

Kila alasiri baada ya zamu yake Nisrin alipita. Kijiko, vidole kooni, meza, ngoja. Bado, Hajj. Wakati mwingine alimsomea Yasin akingoja, na midomo ya mzee ikimfuata bila sauti. Mabinamu waliacha kunyanyuka alipoingia. Siku moja yule aliyemwita bundi alimwachia kiti.

Ndipo ikaja Ijumaa ambayo Mzee Atallah alikuja tena na taulo lake. Nisrin aliweka kijiko mdomoni mwa Hajj, akasikiliza kwa vidole. Koo lilipanda likashuka jepesi. Alingoja kikohozi. Hakikuja. Akampa kingine, na kingine.

"Toa sauti, Hajj. Yoyote."

"Aaa," alisema mzee, na sauti ilikuwa kavu na safi.

Nisrin alifumba macho kidogo. "Baba," akasema. "Mimina. Kidogo tu."

Mzee Atallah alisimama wima, akamimina, akashika finjani kwa mkono wa kulia. "Hajj Mifleh," alisema. "Uliomba, nami nilikupa. Kunywa kahawa yako."

Mkono wa kushoto ulinyooka, ukasita hewani, ukaona haya.

"Lete huohuo," alisema Mzee Atallah. "Ulioachiwa na Mungu ndio wa heri."

Hajj Mifleh alikunywa. Alikunywa polepole, kidevu kimeinama kama alivyofundishwa, mpaka finjani ikabaki tupu. Vigelegele havipigwi wodini, kwa hiyo Shangazi Khawla aliuma ncha ya ushungi wake, mabega yakimtikisika. Suhayb alikuwa amegeukia ukuta.

Mzee alirudisha finjani mbele, na finjani ikatikisika mkononi mwake. Kwa adabu ya kawaida Mzee Atallah akaanza kulifunika dele.

"Ametosheka, alhamdulillah."

"Hapana, Baba. Anataka tena."

"Si ametikisa finjani? Sote tumeona."

"Mkono ndio unaotetemeka."

"Na wewe umejuaje?"

Suhayb aligeuka kutoka ukutani. Nisrin alihisi macho yake usoni pake, akayainulia yake, na hakuharakisha kuyaondoa.

"Sijui, Baba," alisema. "Wewe mmiminie tu."